Kioo cha Kujaribia

Tik. Halafu tik-tik-tik, mbio mbio, kisha kimya.

Sifa alifumbua macho gizani. Mvua ilikuwa imekatika, lakini bati lilikuwa bado linavuja pale penye tundu, na sauti ya tone likiingia kwenye beseni aliijua vizuri. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa sauti kavu, ndogo, kama ukucha unaogonga ubao. Alingoja. Tone lingine likaanguka, na sauti ikarudi: tik, halafu tik-tik-tik, ikizidi kwenda mbio mpaka ikanyamaza.

Kioo kilikuwa kinacheza juu ya meza, kila tone lilipotikisa beseni kando yake.

Aliketi kitandani, mkono kifuani. Kwa mtu mwingine sauti ile isingekuwa na maana yoyote. Kwake yeye ilikuwa kama mtu amebisha mlango kuja kumwambia kuna msiba, na msiba wenyewe umetoka mikononi mwake.

Sifa alikuwa fundi wa retro, vile vioo vya pembeni vya magari, mwanamke pekee katika kazi hiyo mtaa mzima wa Bagira. Njia za Bukavu ni nyembamba, magari hupishana kwa kukwaruzana, na hakuna siku inayopita bila retro ya mtu kupasuka. Mpya hazipatikani kirahisi. Kwa hiyo Sifa huvikata vioo kwa mkono, kama alivyofundishwa na marehemu Mzee Rashidi, na vioo vyake ni vya aina mbili. Cha kwanza ni kioo bapa cha ukutani, kile watu wanachojitazamia asubuhi. Cha pili ni kioo cha tumbo, kilichovimba kidogo kuelekea nje. Hicho hutolewa kwenye malori yaliyokufa, nacho ni adimu. Kwa sababu ya uadimu huo, hakuna fundi mwenye akili anayekikata moja kwa moja. Kwanza hukata cha bapa kwa kipimo kile kile, akakiingiza kwenye nyumba yake ya plastiki aone kama kinakaa sawa. Hicho ndicho kioo cha kujaribia. Kikikaa, ndipo anakata cha tumbo, na kile cha kujaribia anakitia msalaba wa chaki mgongoni na kukiweka kando.

Ukivilaza viwili hivyo juu ya ubao mtupu, uso chini, hutavichanganya. Cha bapa kinatulia. Cha tumbo kinacheza.

Sifa aliwasha tochi ya simu, akaenda mezani kwa miguu mitupu, akakigeuza kile kioo. Uso wake ukamtazama kutoka ndani, mdogo, wa mbali, macho yametoka. Kilikuwa cha tumbo. Kilikuwa kile ambacho kingepaswa kuwa kwenye gari la Fabien.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Nilibandika cha kujaribia."

Jana jioni mvua ilikuwa kubwa na umeme ulikuwa umekatika. Fabien alisimama mlangoni akivuja maji, anaomba retro yake ya kushoto imalizike, maana alfajiri ana abiria wa kupeleka Walungu. Sifa alimpenda Fabien kama mdogo wake. Miaka mitatu iliyopita Fabien alipata ajali, na tangu hapo shingo yake imekauka. Haigeuki kulia wala kushoto. Akitaka kutazama kando hugeuza mwili mzima kuanzia kiunoni, kama mtu aliyebeba sinia ya mayai. Vioo ndiyo shingo yake.

Tena gari lake, kama mengi ya huku, lina usukani upande wa kulia, na huku kwetu magari hukaa upande wa kulia wa njia. Dereva anakaa upande wa mfereji. Anayempita anapita kule mbali, kushoto, na retro ya kushoto peke yake ndiyo inayomwona. Kioo cha tumbo kikiwa pale hukusanya njia nzima, hata kama kinavipunguza vitu. Kioo bapa kikiwa pale huonyesha kipande chembamba kama ufa wa mlango. Shida ni kwamba kipande hicho kinapendeza: kikubwa, safi, kinang'aa.

Sifa alikuwa ametandika kitenge mara mbili juu ya meza, kile kioo adimu kisikwaruzike. Juu ya kitambaa hata kioo cha tumbo hakichezi. Mikono yake ilikuwa na maji, na msalaba wa chaki ulifutika chini ya kidole chake bila yeye kujua. Baada ya chakula binti yake Déborah alikunja kitenge, akakirudisha kioo juu ya ubao mtupu, akalala. Ndivyo ilivyokuwa.

Na bado kulikuwa na njia ya kujua, kwa sababu Mzee Rashidi alikuwa mtu wa tahadhari. Kwake hakuna retro iliyotoka bila kutembewa. Dereva anakaa kwenye kiti chake na gari limezimwa. Fundi anabeba bidoni ya njano, dumu la maji, kichwani, ionekane vizuri, anaanza kutembea kutoka mbali nyuma ya gari, hatua kwa hatua, akikaribia mlango. Dereva anaita: "Nakuona, nakuona, nakuona." Akisema "Umepotea," fundi anasimama, na mahali kioo kisipoona panajulikana. Madereva wote wa Bagira walijua: ukiona bidoni ya njano nyuma yako, husogezi gari hata kidole. "Retro usiyoitembea," Mzee Rashidi alizoea kusema, "ni mlango umeuacha wazi."

Jana Sifa alikuwa tayari ameshika bidoni. Fabien ndiye aliyemzuia.

"Apana, Maman Sifa! Utalowana, utagonjwa, na batoto wako watanilaumu. Niko naona muzuri! Hii inapita hata ile ya zamani."

Naye, meno yakimgongana kwa baridi, alikubali. Yeye alikihurumia kioo, Fabien akamhurumia fundi. Hakuna aliyefanya ubaya.

Saa kwenye simu ilionyesha kumi na dakika arobaini. Fabien huondoka saa kumi na moja. Alimpigia, simu ilikuwa imezimwa. Tangu ajali Fabien haendeshi na simu ikiwaka. Alimpigia mke wake, Adélaïde.

"Allô! Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa. Fabien iko wapi?"

"Maman Sifa? Wee, umenitisha! Fabien ametoka kitambo, iko napakia ku parking."

"Na weye? Hauko naye?" Kwa maana wiki mbili zile retro ilipokuwa imevunjika, Adélaïde ndiye aliyekuwa anakaa kiti cha kushoto, anamtazamia mumewe njia: pita, ngoja, pikipiki inakuja.

"Miye niko mu kitanda, Maman! Jana alirudi na furaha, eti, Adélaïde, retro ya Maman Sifa ni moto, naweza hesabu hata manyoya ya kuku mu njia. Lala sasa. Kumbe nilikuwa nimesahau usingizi! Mungu akubariki kabisa."

Baraka ile ilimwingia Sifa kama mwiba. Alisema, "Kama akikupigia, umuambie asimame. Asimame pale pale," akakata kabla mama wa watu hajauliza.

Alifunga kioo ndani ya kitenge, akatia mfukoni kola, ile gundi ya kubandikia, na uzi wa nyavu, akachukua bidoni ya njano ukutani. Déborah alikuwa ameamka, amesimama mlangoni kwa gauni la kulalia.

"Maman, siku hizi mutu hatoki saa hii."

"Najua."

"Kuna batu mu njia. Hatujue ni ba nani."

"Najua, mutoto wangu. Lakini kama sitoki, nitakaa hapa kungoja simu."

Déborah alitungua koti lake kwenye msumari, lile zito la shule, akamvalisha mama yake na kumfunga vifungo vyote mpaka shingoni, kama Sifa alivyomfunga yeye alipokuwa mdogo. Kisha akaondoa komeo.

Nje giza lilikuwa bado limekaa. Bagira ilikuwa kimya, kimya kile cha siku hizi, ambacho mtu anajua kila nyumba ina wasikilizaji. Sifa alitembea katikati ya njia ili asionekane kama mtu anayejificha. Mbwa alibweka mara moja, akaacha, na kule kuacha kukamtisha kuliko kubweka. Penye kona aliona kivuli cha mtu amekaa juu ya pikipiki, kofia ya koti imemfunika uso. Sifa akaruka nyuma. Kivuli nacho kikaruka.

"Nani huyo?" kivuli kikasema, na sauti yake ilitetemeka. "Simama pale! Umebeba nini ku kichwa?"

Hapo ndipo Sifa alipotambua kwamba, kwa mazoea, alikuwa ameweka bidoni kichwani.

"Ni bidoni, papa. Mi ni mwanamuke tu. Sifa wa retro."

"Sifa wa retro!" Mtu yule akashusha pumzi, akavua kofia. Alikuwa Murhula, motard wa pale pale, mbeba abiria kwa pikipiki, baba wa watoto watano. "Maman, karibu nikimbie niache pikipiki! Unaenda kuchota maji saa hii? Robine gani inafunguka saa hii?"

"Nipeleke ku parking ya Walungu. Haraka."

"Mi nangoja mwanga."

"Murhula. Nimefanya kosa. Nimemuwekea Fabien kioo kibaya, na shingo yake haigeuki, na gari imejaa batu."

Murhula alimtazama kidogo. Alipangusa kiti kwa mkono wa shati, pale alipotaka mama akae, akapiga kiki.

Walishuka kwenye giza, taa ikitikisika juu ya matope. Sifa alikikumbatia kioo kifuani na bidoni kaibana katikati yake na mgongo wa Murhula. Kwenye kila kona alikuwa akiangalia chini, kandokando ya njia, akitafuta alichokuwa anaogopa kukiona: watu wamesimama duara, kiatu kimoja, gari limelala ubavu. Hakuona kitu, na kila asipoona alisema moyoni, bado, bado.

Walipofika parking ng'ambo ya mji, palikuwa na magari mawili, la Fabien halimo. Mama mmoja muuza mikate alikuwa anapanga meza yake.

"Fabien wa shingo? Ametoka sasa hivi, chai yake iko na moto bado, angalia." Akawaonyesha kikombe. Halafu akaona uso wa Sifa. Akachukua mkate, akaukata, akamtia Murhula kipande mdomoni kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye usukani. "Muende," akasema. "Muende tu."

Njia ya kwenda Walungu, kupitia Nyantende, inapanda na kujikunja. Kulia kuna mfereji na ukuta wa kilima; kushoto kuna upande wa wanaoshuka, kisha korongo. Mwanga ulikuwa umeanza, wa majivu, na ukungu ulikuwa unatoka mabondeni kama mvuke wa sufuria. Waliliona gari baada ya kona ya tatu: dogo, jeupe, magodoro mawili yamefungwa juu, linapanda polepole.

"Yule!" Sifa alisema. Machozi yalimtoka kwa furaha. "Yule, Murhula! Bado iko muzima!"

Murhula akapiga honi. Lakini katika njia ile kila mtu anapiga honi. Ni kama salamu. Ndani ya gari walikuwa wanaimba nyimbo za kanisa, na nyuma magunia yalikuwa yamefunika dirisha lote. Hakuna kilichobadilika.

"Nampita," Murhula alisema. "Naenda mbele namusimamisha."

Na kabla Sifa hajafungua mdomo, pikipiki ilikuwa imeruka kushoto na kuongeza mwendo.

Wakafikia gurudumu la nyuma. Wakafikia mlango wa katikati. Sifa aliiona retro yake, kazi ya mikono yake, imetoka ubavuni mwa gari karibu na kichwa chake, inang'aa. Akatazama ndani kutafuta uso wa Fabien. Kila mwanafunzi wa Mzee Rashidi anajua: kama wewe humwoni dereva kwenye kioo, naye hakuoni. Aliona rozari inayoning'inia mbele. Aliona kipande cha mbingu. Uso wa Fabien hakuuona.

Walikuwa mahali ambapo dereva huita "Umepotea." Mahali alipopatembea mara elfu na bidoni kichwani, gari limezimwa, watu wanacheka. Sasa gari lilikuwa linanguruma.

Kwenye dirisha la mbele, kiti cha kushoto, alikuwa amekaa koko mmoja, bibi mzee mwenye kilemba cha kijani. Koko aligeuka, akamwona Sifa karibu kabisa, akatabasamu bila meno na kumpungia mkono.

Wakati huo huo Fabien aliona shimo mbele yake upande wa kulia. Alitazama retro. Njia ilikuwa nyeupe, safi, haina mtu. Akavuta usukani kushoto.

Ubavu wa gari uliwajia kama ukuta unaotembea. Murhula alipiga kelele, si neno, kelele tu, akabana breki zote mbili. Gurudumu likateleza kwenye mawe ya ukingo. Sifa aliyasikia mawe yakianguka, na akangoja kuyasikia yakifika chini, na hayakufika. Gari likawapita kwa upana wa kiganja. Lilikwepa shimo, likarudi kulia, likaendelea kupanda na nyimbo zake.

Pikipiki ilisimama imeinama upande wa korongo. Murhula alikuwa anahema.

"Hakutuona," alisema. "Maman, ametuangalia ndani ya kioo na hakutuona!"

"Ni miye," Sifa alisema. "Ni kioo yangu."

"Mi nina batoto watano!"

"Najua."

"Shuka! Shuka, niende kwangu!"

Sifa alishuka. Juu, kwenye kona, aliliona gari likipotea. Mbele huko pikipiki zilikuwa zinashuka na kupanda, akina mama wanapeleka maboga mjini, watu ambao hawajui kitu. Alianza kutembea. Alijua hatafika. Alitembea tu, bidoni mkononi, kama mtu anayefuata jeneza.

Alisikia pikipiki nyuma yake. Murhula alisimama kando, hamtazami.

"Panda," alisema. "Lakini simupite tena yule mutu. Ukinilazimisha, nakuangusha."

"Hatumupite. Sikiliza." Na sasa, katikati ya hofu yote ile, Sifa alijikuta anafikiri kama fundi. "Ile kioo inaona kidogo sana, lakini inaona mbali. Nyuma kabisa, kama hatua makumi sita, upande wa kushoto wa njia. Pale ndiyo ataniona. Kama ukikaribia, nimepotea. Upande wa kulia anaona mufereji na kilima tu."

"Kushoto ndiko malori yanashukia, Maman."

"Najua. Utaniambia ukiona lori."

"Nitakuambia! Kama nitakuwa na wakati!" Lakini alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kubali, naye Sifa alikipokea kicheko kile kama chakula.

Walilikuta gari kwenye mahali palipoinuka na kunyooka kidogo. Murhula alikaa nyuma mbali, akavuka upande wa kushoto, upande ambao si wao, na kushika mwendo ule ule wa gari. Sifa alimpa kioo akibebe tumboni ndani ya koti lake. Akaweka bidoni kichwani kwa mikono miwili. Sasa hakuwa ameshika kitu cha kumzuia asianguke. Magoti yake ndiyo yaliyoshika pikipiki.

"Kushoto kidogo," alisema. "Bado. Kidogo tena. Hapo. Kaa hapo!"

Retro ilikuwa kule mbele, ndogo kama ukucha unaong'aa. Niangalie, Fabien. Niangalie, mudogo wangu. Unajua hii bidoni. Unaijua.

"Lori!" Murhula alisema.

Lilikuwa limetokea juu kwenye kona, taa zinawaka, linashuka upande wao.

"Bado kidogo!"

"Maman!"

"Nakuomba, bado kidogo!"

Lori lilipiga honi ndefu. Na kwa sababu ya honi ile Fabien alitazama kioo. Sifa hakuweza kuona hilo. Aliona tu taa nyekundu za gari zikiwaka, gari likiyumba kidogo, kisha likisimama njiani pale pale lilipokuwa, bila kusogea hata kidole. Murhula aliitupa pikipiki kulia, nyuma ya gari. Lori likapita, upepo wake ukamnyang'anya Sifa bidoni na kuitupa kwenye mfereji.

Nyimbo zilikuwa zimekoma. Fabien alishuka, mwili mzima ukigeuka, uso umejikunja.

"Maman Sifa? Unatembea retro ku njia kuu? Nani anatembea retro ku njia kuu?"

Alikuwa anaanza kucheka, lakini alipomwona vizuri aliacha.

"Rudi mu kiti," Sifa alisema. "Zima gari. Nitatembea."

Murhula aliiokota bidoni, akaifuta matope kwa suruali yake na kumpa. Abiria walikuwa wamechungulia madirishani. Sifa alirudi nyuma hatua makumi sita, akaanza.

"Nakuona," Fabien aliita. "Nakuona. Nakuona... Umepotea."

Sifa aliendelea kutembea.

"Umepotea, Maman. Umepotea. Umepotea bado." Sauti yake ilibadilika. "Maman Sifa? Uko wapi?"

Sifa alikuwa amesimama karibu na mlango wa katikati, angeweza kuligusa gari.

"Niko hapa," alisema. "Hapa ndipo tulikuwa, miye na Murhula, wakati ulikwepa shimo."

Fabien aliweka kichwa chake juu ya usukani, akakaa hivyo. Alipokiinua, macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni kosa langu," Sifa alisema. "Nilibandika kioo cha kujaribia. Nimekuletea cha kweli."

"Miye ndiyo nilikukataza kutembea."

"Ulinihurumia."

"Basi siku nyingine usikubali huruma yangu. Niambie: Fabien, funga mudomo, keti."

"Fabien, funga mudomo, keti," Sifa alisema, na watu wakacheka, kicheko cha kutetemeka, mmoja akakimalizia kwa kulia.

Kola ya jana ilikuwa bado laini kwa sababu ya mvua. Alipitisha uzi wa nyavu nyuma ya kile kioo bapa, akauvuta huku na huku kama mtu anayekata sabuni, mpaka kikaangukia mkononi mwake. Kilikuwa kizuri kweli. Alimpa Murhula, naye akakivunja juu ya jiwe bila kuambiwa, akavisukuma vipande mbali na njia kwa kiatu, watoto wasikanyage.

Cha tumbo alikijaribu kwanza kwenye ubao wa kiti, uso chini. Kilicheza. Akakijaribu tena. Kilicheza. Lakini asubuhi ilikuwa baridi, na kola haikushika. Kila alipotoa mkono, kioo kiliteremka.

"Leta hapa," sauti ilisema.

Alikuwa yule koko wa kilemba cha kijani. Alikuwa ameshuka polepole, fimbo kwanza, miguu baadaye. Alitandaza viganja vyake viwili juu ya kioo na kukikandamiza kwenye nyumba yake, akasimama hivyo, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mikono yangu iko na moto kila siku," alisema. "Kwetu walisema ndiyo sababu mikate yangu inafura. Miye ni Emérence. Nakaa hapa juu tu, Nyantende. Tusimame. Sina haraka, mi ni muzee."

Walisimama muda mrefu. Jua lilitoka. Koko Emérence hakuondoa mikono hata pale ilipoanza kumtetemeka; alisema tu kwa sauti ya chini:

"Nilikuona ku dirisha. Nilifikiri unanisalimia."

"Niliona, Koko. Ulinipungia mukono."

"Kumbe ulikuwa nakufa, na miye nacheka." Alikikandamiza kioo tena. "Niliona gari inakuja juu yenu. Nikataka kuita Fabien. Sauti ikakataa. Nilikaa pale na mudomo wazi, mpaka tumefika kona ingine, na niliogopa kumuuliza kama amewaua."

"Sasa tuko bazima, Koko."

"Ninawaona. Lakini ninaangalia tena na tena."

Kola ilishika. Sifa alitembea mara ya mwisho, bidoni kichwani, jua usoni. "Nakuona," Fabien aliita, na abiria wakaita pamoja naye, kama kwenye kanisa, "nakuona, nakuona, nakuona," mpaka alipofika mlangoni na Koko Emérence akanyoosha kidole na kumgusa shavu.

Fabien aliwasha gari. Murhula naye aligeuza pikipiki kuelekea mjini, akapangusa kiti. Sifa alitaka kuagana, lakini koko alikuwa ameshika mkono wa koti la Déborah. Nyumba yake ilionekana kutoka pale, bati jekundu katikati ya migomba, moshi unatoka jikoni.

"Leo umekuja mbio," Koko Emérence alisema, "na hata hukukuja kwangu. Urudi kunitembelea, mutoto wangu. Siku ya jua. Na ukuje polepole."